Uhindu au Ubudha: uanzie wapi ukitaka kuzielewa dini za India ya kale?

Anayetaka kuzisoma dini za India ya kale hufika njia panda mapema. Vitabu vingi huziweka dini hizi mbili katika sura moja, kurasa chache kila upande, na msomaji anabaki na maneno yanayojirudia kote: karma (matendo na matokeo yake), dharma (wajibu na mafundisho), kuzaliwa upya. Akitaka kuingia ndani zaidi hajui ashike lipi kwanza. Wapo watakaomwambia aanze na Uhindu kwa kuwa ndio mkongwe. Wengine watamwambia aanze na Ubudha kwa kuwa una mwanzilishi mmoja na mafundisho yaliyopangwa. Kila ushauri una ukweli wake, ila hakuna unaomuuliza msomaji mwenyewe anatafuta nini.

Hapa nimezipima kwa vigezo vitano: zilianzaje, zinasema mtu ni nini, zinaona shida ya binadamu ni ipi na inaishaje, ziliishi vipi na jamii ya wakati wake, yaani matabaka, wanawake na wafalme, na maandishi yake yanasomeka vipi kwa mgeni. Nimebaki katika zama za kale, tangu nyimbo za Veda, maandishi matakatifu ya kale kabisa ya Uhindu, hadi karne za kwanza baada ya Kristo. Suala la ipi ina ukweli ni la dhamiri ya kila mtu, nami siligusi.

Kabla ya vigezo, kuna kosa moja la kuepuka. Ubudha mara nyingi huelezwa kama tawi lililojitenga na Uhindu uliokwisha kukamilika. Sivyo ilivyokuwa. Buddha alipokuwa akifundisha, mengi tunayoyajua leo kama Uhindu, kama mahekalu ya miungu Vishnu na Shiva au kitabu cha Bhagavad Gita, yalikuwa bado hayajachukua sura hiyo. Dini hizi zilikomaa pamoja, katika bonde lile lile la mto Ganges, zikijibizana. Ukizisoma kama mama na mtoto, nusu ya mazungumzo yao yatakupita.

Chimbuko

Uhindu hauna mwanzilishi wala mwaka wa kuzaliwa. Wanaorudi nyuma kabisa hufika kwenye miji ya bonde la mto Indus, Harappa na Mohenjo-daro, iliyostawi takriban kati ya 2600 na 1900 KK. Huko ulipatikana muhuri wenye mtu aliyekaa kwa kukunja miguu, kichwani ana pembe, amezungukwa na wanyama, na wako wataalamu waliomwona kuwa Shiva wa awali. Lakini maandishi ya miji hiyo hayajasomwa hadi leo, kwa hiyo mimi muhuri huo siupi uzito mkubwa.

Penye uhakika zaidi ni Veda. Rigveda ina nyimbo 1,028 katika Kisanskriti cha kale, zilizotungwa takriban kati ya 1500 na 1000 KK, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na watu waliohesabu utajiri wao kwa ng'ombe. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Wanafunzi wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la makuhani, walizikariri kwa mdomo, kisha wakazikariri tena kwa kuunganisha maneno mawilimawili na kuyapindua mbele na nyuma, ili isipotee hata silabi moja. Aliyehifadhi Kurani chuoni ataielewa kazi hiyo na heshima yake.

Kiini cha dini ya Veda kilikuwa tambiko la moto. Kuhani humwaga samli motoni huku wimbo ukiimbwa, na Agni, ambaye ndiye moto wenyewe, hupeleka sadaka kwa miungu Indra, Varuna na wengine. Kisha, kuanzia karne ya 8 au ya 7 KK, yakatokea mafundisho ya Upanishad, na swali likahama. Badala ya kuuliza tambiko lifanywe vipi, waliuliza ni nani hasa aliye ndani ya mtu anayetambika. Ni katika maandishi haya ndipo karma na kuzaliwa upya vinaanza kusemwa waziwazi.

Ubudha una mtu. Siddhartha Gautama, ndiye aliyeitwa Buddha, alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, kwenye ukoo wa Shakya. Wataalamu hawakubaliani kuhusu miaka yake, ila wengi humweka karne ya 5 KK, wengine wakianzia ya 6. Mapokeo yanasema aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akapata mwanga akiwa na miaka 35 chini ya mti huko Bodh Gaya, akatoa fundisho la kwanza kwa watu watano mahali paitwapo Sarnath, karibu na Varanasi, na akafariki Kushinagara akiwa na miaka 80. Muda wote wa katikati alikuwa akitembea kwa miguu kutoka mji hadi mji.

Miji hiyo ndiyo ufunguo. Biashara ilikuwa inakua, sarafu za fedha zilianza kutumika, na falme za Magadha na Kosala zilikuwa zikizimeza jamii ndogo zilizojitawala kwa mabaraza ya koo, Shakya wakiwemo. Watu wengi walikuwa wameacha nyumba zao na kwenda kutafuta majibu porini. Mahavira, mwalimu mkuu wa Ujaini, alikuwa mmoja wao. Buddha alitokea katikati ya umati wa watafutaji.

Kuna na ushahidi wa kushika kwa mkono. Mfalme Ashoka, aliyetawala takriban 268 hadi 232 KK, alisimamisha nguzo ya jiwe Lumbini, na maandishi yake yalipatikana 1896. Yanasema hapa ndipo alipozaliwa Buddha Shakyamuni, kisha yanaongeza kwamba kijiji cha Lumbini kimesamehewa kodi na kitatoa sehemu moja ya nane tu ya mavuno. Napenda sana mstari huo wa kodi. Unaonyesha dini ikigusa ghala la mkulima.

Mtu ni nini

Hapa ndipo penye fundo, na kama una muda wa kusoma kigezo kimoja tu, soma hiki.

Katika Chandogya Upanishad, kijana Svetaketu anarudi nyumbani baada ya miaka 12 ya masomo, amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka Aruni, anamwambia atie chumvi ndani ya maji na kuiacha mpaka asubuhi. Kulipokucha anamwambia: ile chumvi uliyoitia jana, ilete. Kijana anaitafuta haioni. Basi onja upande huu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja upande ule. Chumvi. Baba anamweleza kwamba vivyo hivyo kilichopo kweli hukioni, nacho kimo humuhumu; huo ndio uhalisi, hiyo ndiyo nafsi, nawe Svetaketu ndiwe huo. Fundisho hili linadai kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu, atman, ni kitu kimoja na Brahman, asili ya vyote. Si wanafalsafa wote wa Kihindu walioitafsiri sawa baadaye, lakini wengi walianzia hapo.

Buddha alichukua swali hilo hilo akafika kwingine. Mchunguze mtu, alisema, utakuta mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya akili na fahamu. Kila fungu linabadilika, na hakuna hata moja unaloweza kuliamuru lisibadilike. Basi ni lipi utakaloliita "mimi"? Mfano unaojulikana zaidi ulikuja baada yake, katika mazungumzo ya mtawa Nagasena na Mfalme Milinda, yaani Menander, mfalme mwenye asili ya Kigiriki aliyetawala kaskazini-magharibi katika karne ya 2 KK. Nagasena anamuuliza: umekuja kwa miguu au kwa gari? Kwa gari, anajibu mfalme. Je, gari ni mhimili? Ni magurudumu? Ni nira? Ni hatamu? Hapana kwa kila kimoja. Basi gari liko wapi? Mfalme analazimika kukiri kwamba "gari" ni jina linalotumika pale vitu hivyo vinapokutana. Ndivyo ilivyo na jina Nagasena.

Mfalme hakuwa mjinga. Anauliza, kama hakuna nafsi, ni nini kinachozaliwa upya? Nagasena anamjibu kwa taa iliyowashwa kutoka taa nyingine: mwali unaendelea, ila huwezi kusema kuna kitu kilichotoka hapa kikahamia pale.

Kwa kawaida jambo hili hufupishwa hivi: Uhindu unaamini roho, Ubudha hauamini. Ufupisho huo unapotosha pande zote mbili, na kwa sisi tuliolelewa katika Ukristo au Uislamu unapotosha zaidi. Atman ya Upanishad si roho iliyoumbwa na Mungu, yenye jina lake, inayongoja hukumu. Haikuumbwa wala haifi. Na Buddha alipokanusha nafsi hakusema kwamba mtu akifa mambo yameisha. Fundisho hilo lilikuwepo zamani zake na alilikataa kwa maneno makali. Alikataa kwamba kuna mwenyewe asiyebadilika, akakubali kwamba matendo yana matokeo yanayovuka kifo. Kusimama kati ya mawili hayo ni kazi ngumu, na shule za Kibudha zilibishana juu yake kwa karne nyingi.

Shida ya binadamu na mlango wa kutokea

Kote kuwili mtu amefungwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, samsara, na kinachomfunga ni matendo yake. Wanachotofautiana ni fundo lenyewe na jinsi ya kulifungua.

Kwa mapokeo ya Upanishad, shida ni kutojijua. Mtu anaishi akidhani yeye ni mwili na jina lake. Akiijua nafsi yake anapata moksha, kufunguliwa. Lakini Uhindu wa kale haukumdai kila mtu aikimbie dunia. Uliweka malengo manne ya maisha: wajibu, mali, raha na kufunguliwa, kila moja na wakati wake. Mtu atakuwa mwanafunzi, ataoa na kulea, atajitenga polepole, na mwisho ataacha vyote. Bhagavad Gita, beti 700 zilizo ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, inakwenda mbali zaidi. Mpiganaji Arjuna amesimama vitani, mbele yake ndugu na walimu wake, na upinde unamtoka mkononi. Mungu Krishna, aliye pamoja naye, anamfundisha kutenda linalompasa bila kung'ang'ania matunda yake, kisha anamfungulia njia ya maarifa na njia ya kumpenda Mungu kwa moyo wote. Kwa hiyo mwenye shamba na watoto naye ana mlango.

Buddha alisema kama tabibu. Kuna mateso; yana chanzo, nacho ni kiu ya kutaka; yanaweza kukoma; na kuna njia ya kuyakomesha, yenye sehemu nane, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili. Mwisho wake ni nirvana, kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na upumbavu. Mtawa mmoja, Malunkyaputta, alitishia kuondoka asipoelezwa kama ulimwengu ni wa milele au la. Buddha alimjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wa sumu akakataa usitolewe mpaka ajue aliyeupiga ni wa tabaka gani, ni mrefu au mfupi, ametoka kijiji gani. Mtu huyo angekufa kabla ya kupata majibu.

Je, Ubudha ni dini isiyo na miungu? Hapana. Maandishi yake yamejaa miungu. Katika simulizi moja ni mungu Brahma anayemsihi Buddha akafundishe watu. Tofauti ni kwamba miungu hiyo nayo imo ndani ya mzunguko, nayo itakufa, na haiwezi kumvusha mtu.

Jamii: matabaka, wanawake, wafalme

Hapa wasomaji wengi huja na jibu mkononi: Uhindu ni matabaka, Ubudha ni usawa. Mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Ni kweli kwamba Rigveda, katika wimbo wa 90 wa kitabu cha 10, inawatoa Wabrahmani katika kinywa cha mtu wa kwanza, wapiganaji katika mikono, watu wa kawaida wenye kuzalisha mali katika mapaja, na watumishi, Shudra, katika miguu. Vitabu vya sheria vya baadaye, kama kile cha Manu, vilijenga juu yake masharti makali. Ila Chandogya hiyo hiyo inasimulia habari za Satyakama, kijana ambaye mama yake hakuweza kumtajia baba yake. Alipoulizwa ukoo wake alisema kweli yote, na mwalimu akampokea kwa sababu ya ukweli huo. Na katika baraza la Mfalme Janaka, mwanamke aitwaye Gargi alisimama kumhoji mwanafalsafa Yajnavalkya mbele ya wanazuoni.

Buddha alifundisha kwamba mtu huwa Brahmani kwa matendo, si kwa kuzaliwa. Upali, kinyozi, alipokewa utawani kabla ya vijana wa kifalme wa Shakya, nao wakapaswa kumsujudia. Wanawake walipata utaratibu wao wa utawa kupitia Mahapajapati, mama aliyemlea Buddha. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mtawa wa kike, hata akiwa na miaka 100 ya utawa, alitakiwa kumsujudia mtawa wa kiume aliyeingia siku ile ile. Watumwa, wadaiwa na askari wa mfalme walizuiwa kuingia, maana jumuiya iliishi kwa hisani ya watawala na matajiri. Buddha alifungua mlango wa jumuiya yake. Hakuongoza harakati za kuvunja matabaka nje yake.

Kuhusu wafalme, Ashoka ndiye wa kutazamwa. Takriban 260 KK aliishambulia Kalinga, nchi ya mashariki mwa India, na katika maandishi yake mwenyewe juu ya mwamba anasema watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa kwa nguvu, na kwamba jambo hilo linamwumiza. Alijitangaza mfuasi wa Buddha, akaeneza uadilifu aliouita dhamma, na akaagiza dini zote ziheshimiwe, Wabrahmani wakiwemo.

Maandishi

Kwa mgeni, Veda zenyewe ni ngumu, zinataka mwalimu. Upanishad nyingi za kale ni rahisi kuzikaribia: Isha ina beti 18 tu, na Katha inasimulia kijana Nachiketa akimhoji Yama, bwana wa kifo. Mahabharata, yenye beti zinazokaribia 100,000, ni bahari. Ramayana, utenzi wa Rama, ni robo yake.

Mkusanyiko wa Kipali wa Wabudha, unaoitwa vikapu vitatu, uliandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 KK baada ya kukaririwa kwa muda mrefu, na marudio yake huchosha macho. Dhammapada, beti 423, ndiyo mlango wa kawaida.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Kama unaandika insha ya historia na unahitaji tarehe, mawe na majina ya wafalme, anza na Ubudha. Ashoka atakupa uwanja imara wa kusimama, kisha urudi nyuma kwenye Veda ukijua ulimwengu uliozunguka mambo hayo.

Kama unataka kuwaelewa majirani zako Wahindu wa Mombasa, Nairobi au mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam, anza na Uhindu, na usianze na Rigveda. Soma Ramayana na Gita. Taa za sikukuu ya Diwali huunganishwa na wengi na Rama kurejea mji wake wa Ayodhya, na familia nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa mali, siku hizo wakifungua vitabu vipya vya hesabu. Veda peke yake haitakueleza hayo.

Mwenye msiba, au anayetafuta utulivu wa akili zaidi ya nadharia, atakuta lugha ya Buddha inamfikia haraka. Lakini mwenye kazi, ndoa na madeni, anayeuliza ataishije vema humo humo, Gita inamjibu kwa ukaribu ambao maandishi ya watawa hayana, ingawa Buddha naye aliwafundisha watu wa majumbani, akiwemo mfanyabiashara Anathapindika.

Kama linalokukera ni dhuluma ya matabaka, ufuate mstari mmoja kupitia dini zote mbili: wimbo wa 90, Satyakama, Upali, kisha uvuke hadi tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, India, pale B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii iliyobaguliwa kama najisi, alipoingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Utaona hoja ya kale ikiwa bado hai.

Na kama swali lako ni lile la "mimi ni nani", usichague. Soma sura ya 6 ya Chandogya na mazungumzo ya Milinda juu ya gari katika wiki moja, moja baada ya jingine, na uandike pembeni ni wapi hasa Nagasena angemkatiza Uddalaka, na Uddalaka angemjibu nini.